Mbwa Mwenye Woga, na Jinsi ya Kumfunza Usafi wa Usiku

Mbuchi ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, nayo imo katika delta ya Mto Rufiji. Delta ni nchi iliyo mwishoni mwa mto mkubwa, pale unapokaribia bahari na kugawanyika matawi mengi. Upande wa baharini, penye maji ya chumvi, imesimama mikoko, na msitu huo ni mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko katika Tanzania. Upande wa bara, penye maji matamu, watu hulima mpunga.

Mkulima wa mpunga ana adui wengi. Mchana huja ndege na tumbili. Usiku huja nguruwe mwitu, na mahali pengine viboko. Kundi moja la nguruwe laweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo mkulima hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakesha humo kulilinda shamba lake. Naye aliye na mbwa ana msaidizi mwema, kwa maana mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sikio la mtu halizisikii, na pua yake hupata harufu ya nguruwe kabla mtu hajaona hata jani moja kutikisika.

Watu wengi wa delta ni Waislamu, na kwa desturi yao mbwa hakai chumbani wala hagusi vyombo. Mahali pake ni uani, au chini ya dungu. Lakini ziko nyakati ambazo mbwa hulazwa ndani ya banda la jiko, au ghala, au ukumbi: akiwa angali mdogo, au mvua ya masika ikinyesha usiku kucha, au mamba wakihofiwa wakati mto umejaa. Hapo ndipo taabu huanza. Alfajiri mama hufungua mlango ili awashe moto, akakuta mkojo karibu na mafiga, na kinyesi penye gunia la mchele. Mbwa mwenyewe amejikunyata pembeni, anatetemeka.

Watu wa nyumbani hukasirika, na mara nyingi shauri la kwanza ni fimbo. Kesho yake uchafu ni ule ule, au umezidi. Shauri la pili ni kumfukuza. Mbwa aliyefukuzwa huwa mbwa koko: hula jalalani, hana wa kumpeleka kuchanjwa, na siku moja aweza kumwuma mtoto njiani. Shamba nalo limepoteza mlinzi wake. Basi jambo hili, ijapokuwa laonekana dogo, lina hasara kubwa.

Katika somo hili tutajifunza kwa nini mbwa mwenye woga huchafua nyumba usiku, na jinsi ya kumponya. Neno kuu la kushika ni hili: woga humsahaulisha mbwa yale aliyokwisha kujifunza, na fimbo huongeza woga. Kwa hiyo dawa yake ni utulivu na mazoea.

KWANZA TAFUTA SABABU

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Vivyo hivyo mwenye mbwa na aulize kwanza, “Kwa nini anachafua?” Sababu ziko nne.

Sababu ya kwanza ni utoto. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 au 3 hana nguvu ya kuzuia mkojo usiku kucha, kama vile mtoto mchanga wa mtu asivyoweza. Huzuia muda wa saa 2 au 3 hivi, kisha hushindwa. Akizidi kukua, nguvu huongezeka, na afikapo miezi 6 hivi wengi waweza kustahimili tangu usiku mpaka alfajiri. Huyu hana kosa, yataka angojewe.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Mbwa mzima aliyekuwa safi siku nyingi, kisha akaanza kuchafua kwa ghafula, huenda ana ugonjwa wa kibofu, au wa figo, au kisukari, au minyoo tumboni. Mtazame: je, anakunywa maji kuliko desturi yake? Anakojoa kidogo kidogo mara nyingi? Mkojo una damu? Anahara? Anakonda? Ukiona hata moja la hayo, mwambie baba au mama amwite bwana mifugo. Mafunzo hayaponyi figo.

Sababu ya tatu ni alama. Mbwa dume aliyekwisha kukua huinua mguu na kumwaga mkojo kidogo ukutani au penye nguzo, ili mbwa wengine wajue kwamba hapo pana mwenyewe. Kwa kawaida huyo hatetemeki wala hajifichi.

Sababu ya nne ni woga, nayo ndiyo ya somo letu. Mbwa mwoga hujulikana kwa dalili zake. Mkia huuficha kati ya miguu. Masikio huyalaza nyuma. Huhema ingawa hakuna joto. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hulamba midomo ingawa hajala kitu. Akiachwa peke yake hulia na kukwaruza mlango. Tena yupo mbwa ambaye mtu akimwinamia tu, au akimkaripia, papo hapo humwaga mkojo. Watu hudhani ni jeuri. La, hiyo ni salamu ya unyonge. Kwa lugha ya mbwa maana yake ni hii: “Mimi ni mdogo kwako, usinipige.”

WOGA HUFANYA NINI MWILINI

Woga si kitu kibaya kwa asili yake. Mwenyezi Mungu amewapa wanyama woga uwe mlinzi wa uhai wao. Swala asiyeogopa simba haoni siku ya pili.

Mnyama anaposhtuka, mwili wake hujitengeneza ili akimbie au apigane. Dawa fulani za mwilini huingia katika damu kwa haraka. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na matumbo ya chini husukuma vilivyomo. Ndiyo sababu mnyama mwenye hofu kuu huweza kutoa mkojo na kinyesi bila kukusudia. Wewe mwenyewe walijua jambo hili. Siku ya mtihani, kabla ya kengele, ni wanafunzi wangapi waombao ruhusa kwenda chooni? Hawakunywa maji kuliko siku nyingine. Ni hofu tu.

Sasa fikiri hali ya mbwa aliyefungiwa gizani. Mlango umefungwa, watu wamelala, radi inanguruma. Mwili wake wamwambia, “Kimbia!” wala hana njia ya kukimbia. Kisha tumbo lamwambia, “Toka nje!” wala hana njia ya kutoka. Je, hata akichafua, twaweza kusema amefanya kusudi?

MBWA WA PAVLOV NA MAFURIKO

Huko Urusi alikuwako mtaalamu mmoja, jina lake Ivan Pavlov. Alizaliwa mwaka 1849, akafa mwaka 1936. Alichunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Alipokuwa akiwachunguza mbwa aliona jambo la ajabu. Mbwa walianza kutoa mate hata kabla chakula hakijawafikia, mara waliposikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Basi akajua kwamba mbwa hujifunza kwa kuunganisha mambo mawili yafuatanayo. Sauti ile na chakula vilikuwa kitu kimoja katika akili yake. Shika sana habari hii, maana tutaitumia mbele.

Mwezi wa Septemba 1924 Mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad, ambao leo waitwa Saint Petersburg. Maji yaliingia katika mabanda ya mbwa wa Pavlov, wakaokolewa kwa shida. Hakika waliokoka mwili, lakini wataalamu walipoanza tena kuwapima, waliona kwamba mbwa wengine wamepoteza yale waliyofunzwa kwa muda mrefu. Mbwa aliyekuwa hodari jana, leo alikuwa kama hajafundishwa neno lolote.

Wataalamu hawakumpiga. Mmoja wao alikaa pamoja na mbwa chumbani, na mbwa alipokuwa na mtu aliyemzoea, polepole yale aliyofunzwa yakamrudia. Baadaye walipitisha maji kidogo chini ya mlango. Mbwa alipoyaona tu, hofu ikamrudia na mafunzo yakapotea tena. Wahenga wetu waliijua kweli hii zamani waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Sisi watu wa Rufiji hatuna haja ya kwenda Urusi ili kuyajua mafuriko. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu wengi wakahama makwao. Wanyama wao nao waliyaona maji yale. Mbwa aliyepitishwa katika maji ya kifuani, au aliyeachwa juu ya kichuguu siku nzima, aweza kushtuka kila asikiapo mvua usiku. Akichafua ndani, kumbuka mbwa wa Leningrad. Hakusahau kwa uvivu. Woga umemsahaulisha.

KWA NINI FIMBO HAIFAI

Mbwa huunganisha mambo yanayofuatana kwa ukaribu sana. Ukimpa chakula mara moja baada ya tendo, alijua tendo lile kuwa jema. Ukikawia hata kidogo, hajui tena umempa kwa ajili ya nini. Basi mbwa amechafua saa 8 usiku, nawe wampiga saa 12 asubuhi. Katika akili yake mkojo na fimbo havina udugu wowote. Vilivyoungana ni viwili vingine: fimbo na mkono wako. Kwa hiyo hajifunzi kwenda nje. Ajifunza kukuogopa wewe. Usiku wa pili ana woga wa giza na woga wa asubuhi pia, na uchafu huongezeka. Huenda akajifunza kujificha nyuma ya magunia ili achafue pale usipomwona.

Watu wengine husema, “Lakini mbwa wangu ajua kosa lake, kwa maana nikiingia tu huinamisha kichwa.” Neno hilo limepimwa. Mwaka 2009 mtaalamu wa New York, jina lake Alexandra Horowitz, aliandika habari za mbwa 14 aliowajaribu pamoja na wenyewe. Mbwa alikatazwa chakula, kisha mwenyewe akatoka. Mbwa wengine walikula, wengine hawakula. Mwenyewe aliporudi, mara nyingine aliambiwa kweli, mara nyingine aliambiwa uongo. Ikaonekana kwamba ule uso wa kuona haya haukutokana na kosa. Ulitokana na kukaripiwa. Hata mbwa asiye na hatia aliinamisha kichwa alipokaripiwa. Basi uonapo kichwa kimeinama, usidhani ni toba. Mbwa ameiona hasira yako, naye aogopa.

Dini zetu nazo hazisifu ukatili. Waislamu wana habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, naye Mungu akamsamehe dhambi zake. Wakristo nao hufundishwa kwamba Muumba wetu ndiye aliyewaumba na wanyama, naye huwatunza. Anayempiga kiumbe asiyejua sababu ya kupigwa, amejipatia nini?

JINSI YA KUMFUNZA

Tuseme mbwa wako aitwa Doria, ana umri wa miezi 5, naye hulala katika banda la jiko. Fanya hivi.

1. Mpe chakula kwa saa zilizo sawa kila siku, na cha jioni kisipite saa 12. Tumbo lililozoea saa zake hutoa uchafu kwa saa zake. Maji usimnyime, maana Pwani ina joto. Ila chombo cha maji kiondolewe wakati wa kulala, baada ya yeye kunywa.

2. Mtoe nje mara aamkapo, mara amalizapo kula, na mara amalizapo kucheza. Mpeleke mahali pamoja siku zote. Sema neno moja tu, kama “Haya, nje,” kisha simama kimya. Usimharakishe. Haraka haraka haina baraka.

3. Akimaliza haja, msifu papo hapo kwa sauti ya upole, umpe kipande cha dagaa. Usingoje mpaka mrudi nyumbani. Dagaa wa jikoni humfunza kurudi jikoni. Dagaa wa nje humfunza usafi wa nje. Hii ndiyo ile kanuni ya mbwa wa Pavlov.

4. Mtoe mara ya mwisho saa 3 au saa 4 usiku, ukiwa na mkubwa wako na taa. Usiende peke yako, wala usikaribie ukingo wa mto, kwa sababu ya mamba, nyoka na viboko.

5. Kwa majuma ya kwanza, mwombe mkubwa wa nyumba amtoe tena mara moja katikati ya usiku, kama saa 8. Asimngoje mpaka alie. Doria akikaa safi siku 5 au 6 mfululizo, saa hiyo isogezwe mbele kidogo: saa 8 na nusu, kisha saa 9, kisha saa 10, mpaka ikutane na alfajiri. Ndivyo kibofu kinavyozoezwa. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Mpe mahali pake pa kulala, pembeni, pakavu, penye gunia safi. Mbwa hapendi kuchafua alalapo. Pasiwe mbali sana na watu. Afadhali awe karibu na ukuta ambao nyuma yake wamelala watu, ili asikie pumzi zao. Weka na kitambaa cha zamani ulichokivaa, maana harufu yako ni faraja kwake.

7. Mfundishe upweke wakati wa mchana. Mwingize bandani, funga mlango, hesabu mpaka 10, kisha fungua kabla hajalia. Kesho hesabu mpaka 30. Kesho kutwa mpaka 100. Baadaye mwache dakika 5, kisha dakika 15. Ajifunze ya kwamba mlango ufungwao hufunguliwa tena, na mtu aondokaye hurudi. Akilia kwa hofu, jua umekwenda mbio. Rudi nyuma hatua moja.

8. Ukimkuta anakojoa ndani, usipige kelele. Mwite kwa upole, mtoe nje, naye akimalizia huko msifu. Ukikuta uchafu uliokwisha kuwapo, nyamaza na usafishe. Wakati wa kufundisha umepita.

Tena yafaa kuandika. Chukua karatasi, upige mistari kama kalenda. Kila asubuhi andika: safi au chafu, saa ngapi, mvua au hapana. Baada ya majuma 2 utaona kwa macho yako mambo usiyoyajua. Labda uchafu hutokea siku za radi tu. Labda hutokea saa 10 kila mara. Mwenye hesabu hafanyi kazi kwa kubahatisha.

USIKU WA RADI

Katika Pwani mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo mbwa mwoga hupata taabu zaidi. Chini ya paa la bati kishindo cha mvua ni kikubwa kuliko chini ya makuti, nayo masikio ya mbwa ni makali kuliko yetu.

Uonapo mawingu yanakusanyika jioni, mtoe mapema, kabla ya matone ya kwanza. Radi ikianza, usimburute nje. Mnyama mwenye hofu hawezi kufanya haja kwa amri, tena aweza kukuponyoka na kupotea. Mwache ajifiche akitaka, chini ya meza au nyuma ya pipa. Kaa karibu naye, useme kwa sauti ya chini. Watu wa zamani walifikiri kwamba kumtuliza mbwa ni kumzidishia woga. Sivyo. Woga haukui kwa kuliwazwa. Lakini wewe mwenyewe uwe mtulivu, maana ukipiga ukelele kila umeme umulikapo, naye atajua kwamba hatari ipo. Mvua ikinyamaza, mtoe tena.

KUSAFISHA

Mbwa hurudi palipo na harufu ya mkojo wake, hata kama pua yako haisikii kitu. Kwa hiyo kusafisha ni sehemu ya mafunzo.

Sakafu ikiwa ya udongo, kwangua udongo uliolowa mpaka ufikie mkavu, uutupe mbali, kisha ujaze udongo mpya na kuushindilia. Sakafu ikiwa ya saruji, ioshe kwa sabuni na maji, kisha uipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji. Gunia lifuliwe na kuanikwa juani. Usitumie dawa yenye harufu ya amonia, kwa kuwa inafanana na harufu ya mkojo, nayo humwita mbwa arudi.

Kinyesi kisishikwe kwa mkono mtupu. Kizoe kwa jembe au kwa jani kubwa, ukifukie mbali na kisima. Ndani yake mna mayai ya minyoo yanayoweza kuwadhuru watu, na hasa watoto wachezao chini. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

NENO LA HADHARI

Kuna hali moja ambayo si ya kufunza. Mbwa akibadilika ghafula, aliyekuwa mpole akawa mkali, au aliyekuwa mchangamfu akajificha gizani. Akitokwa mate mengi, akishindwa kumeza, akitembea kama mlevi, usimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Watoe wadogo zako, uwaambie wakubwa, nao wampelekee habari bwana mifugo. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa wa namna hiyo, jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende zahanati siku ile ile, asingoje aone. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini chanjo ikiwahi, huokoa. Kwa hiyo kila mbwa wa nyumbani achanjwe, awe safi au mchafu, mwoga au shujaa.

MWISHO WA SOMO

Je, itachukua muda gani? Mbwa mdogo asiye na woga mwingi hujifunza kwa majuma machache. Mbwa aliyepigwa sana, au aliyenusurika katika maji, aweza kuhitaji miezi. Tena kutakuwa na siku za kurudi nyuma. Atakaa safi siku 10, kisha radi moja itamharibia. Usikate tamaa wala usianze upya kwa hasira. Yale aliyojifunza hayakufa. Yamefunikwa tu na hofu, kama vile maji ya bamvua yafunikavyo njia ya matope. Yakipwa, njia ni ile ile.

Na katika kazi hii mwenye mbwa pia hufunzwa. Anajifunza kutazama kabla ya kuhukumu, kushika saa, na kuzuia mkono wake wakati wa hasira. Mtoto aliyeweza hayo kwa mbwa atayaweza kwa ndugu zake wadogo. Kisha msimu wa mpunga ukifika, na usiku nguruwe wakitoka vichakani, Doria atakuwa chini ya dungu, naye hataogopa kubweka.

MASWALI

1. Eleza kazi ya dungu, na kwa nini mkulima wa delta anahitaji mbwa.
2. Taja sababu nne zinazoweza kumfanya mbwa achafue nyumba. Utajuaje kwamba sababu ni woga?
3. Mbwa wa Leningrad walipatwa na nini mwaka 1924? Ni jambo gani lililowarudishia mafunzo yao?
4. Mtu ampigaye mbwa asubuhi kwa uchafu wa usiku anamfundisha nini?
5. Kwa nini dagaa hutolewa nje, wala si jikoni?
6. Eleza jinsi ya kusafisha sakafu ya udongo na sakafu ya saruji.
7. Ufanye nini ukiumwa na mbwa? Taja mambo kwa taratibu yake.
8. Andika habari fupi ya mnyama wa kwenu aliyeogopa kitu fulani. Aliogopa nini, na watu walimsaidiaje?